Mkwe Aliyekuja Mbio

Ndugu zangu wa Singida, kila nikija likizo mnaniuliza kwa nini siku hizi nakimbia taratibu, tena nasimama kumwamkia kila mtu njiani, wakati mlinijua tangu utoto kama mtu wa kufukuzana na upepo. Nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha kwamba ni uzee. Si uzee. Ni safari moja ya siku nne niliyoifanya zamani, kutoka nyumbani kwangu Mafiga, mjini Morogoro, hadi kwa mama mkwe wangu milimani juu ya Mkuyuni, na kurudi. Watoto wangu walikuwa wadogo wakati ule. Sasa nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia saa ya ukutani ikitembea, na ndiyo maana nimekaa kuwaandikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na sisi watumishi tukaanza kuvitazama tu. Asubuhi nilifundisha jiografia shuleni, alasiri nilifundisha tuisheni sebuleni kwangu, jioni nililisha kuku wa mradi. Mke wangu Mwajuma alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akawa anakaanga maandazi kabla ya adhana ya alfajiri. Katika wiki nzima siku iliyokuwa yangu ilikuwa Jumamosi, na asubuhi yake niliitumia kukimbia. Nilikuwa na viatu vyekundu vya mbio nilivyovichambua kwenye rundo la mitumba, ndani yake vikiwa na jina la Mzungu lililoandikwa kwa kalamu. Nilitoka Mafiga giza likiondoka, nikapita mjini, nikaishika njia ya kupanda Morningside hadi kwenye ukungu. Huko juu sikuwa mwalimu wa mtu wala baba wa mtu. Nawaambieni kweli, nilikuwa naipenda ile saa kuliko chakula.

Tatizo lilikuwa kurudi. Kila nikirudi, mnamo saa nne, nilimkuta binti yangu Zena ameketi kizingitini. Alikuwa na miaka sita. Amevaa gauni la sikukuu, viatu miguuni, mdogo wake Idi kando yake naye kavishwa shati. "Baba, sasa twende?" Kwenda kokote: sokoni, kwenye bembea, kuona treni ikipita. Nami nilimjibu kila mara, "Tutakwenda, baba apumzike kidogo." Nikilala, naamka adhuhuri, wanafunzi wa tuisheni wanabisha hodi, na Jumamosi imekwisha.

Halafu Jumamosi moja nikarudi nikakuta kizingiti kitupu. Zena alikuwa uani na gauni lake bovu la kuchezea, anachora kwenye mchanga. Akaniangalia, akasema, "Shikamoo baba," akaendelea kuchora. Hakuuliza kitu. Nilisimama pale nikitiririka jasho, na moyo wangu ukaniuma kuliko miguu.

Mwajuma aliona. Alikuwa anamnyonyesha Tatu, kitinda mimba wetu, ambaye kwa wakati ule alishaanza kusimama kwa kushika stuli. "Huyu mtoto atatembea bila bibi yake kumwona," akasema. "Mara nne nimemtumia mama salamu kwa wachuuzi wa ndizi kwamba tunakuja. Sasa ananiuliza kama mume wangu amenikataza."

"Shule imefungwa," nikamwambia. "Jumamosi ijayo tunakwenda. Wote."

"Na mbio zako?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikasema nitakimbia kuanzia Mkuyuni, wao wapande gari, tukutane kwa mama. Hivyo kila mtu atapata chake. Mwajuma hakucheka wala hakununa. Akaenda kabatini, akatoa suruali yangu ya kijivu, akaikunja na kuitia kwenye begi. "Kaptula utaivua mtoni," akasema. "Hutaingia kwa mama yangu na mapaja nje."

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka Mafiga. Tulipanda pikapu ya mchuuzi aliyekuwa akienda kuchukua machungwa, Mwajuma na Tatu mbele, mimi na watoto wawili nyuma juu ya matenga matupu. Tulipita Bigwa, tukapanda kuelekea Kiroka, na milima ikawa inatugeukia upande mmoja baada ya mwingine. Idi alihesabu mbuzi akakosea, akaanza upya. Zena alikaa ameegemea mkono wangu. Hakuwa akisema sana, lakini alikuwa ameegemea, na mimi, mjinga wa watu, nilikuwa nakadiria vilima kwa macho nikiwaza kipi ni kikali.

Saa nne tulikuwa Mkuyuni. Ilikuwa siku ya soko: mananasi, mafenesi yaliyopasuliwa, mafungu ya mdalasini, na kina mama wa milimani wakiongea kwa ile sauti yao ya kuvuta mwisho wa neno. Pikapu yetu iliishia hapo. Kulikuwa na Land Rover iendayo upande wa Matombo ambayo ingewashusha Mwajuma na watoto kwenye njia panda, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa kuvuka mto na kupanda hadi nyumbani kwao. Dereva alisema anasubiri abiria wawili tu. Nikafunga kamba za viatu.

"Baba, na mimi nakuja nawe," Zena akasema.

"Huwezi, mwanangu. Ni mbali, na baba anakimbia haraka. Tutakutana kwa bibi."

Hakulia. Alirudi akasimama karibu na begi. Mwajuma akaniambia, "Nenda kabla sijaghairi," nami nikaenda.

Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imelowa mvua ya jana, na hewa ilinukia majani ya migomba. Nilikuwa nimejiwekea saa moja isipite. Nilikimbia vizuri ajabu. Mtu wa kwanza niliyempita alikuwa mzee mwenye mkungu wa ndizi kichwani; aliponiona alijiweka pembeni, akautua mkungu, akavua kofia. Nikajisemea, kumbe hawa watu wanaheshimu walimu. Mbele kidogo kina mama waliokuwa wakilima wakanyooka wote kwa pamoja. Mmoja akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele wa Kiluguru kuelekea mlima wa pili. Sauti nyingine ikaupokea huko ng'ambo, ikaupeleka juu zaidi.

Ndugu zangu, nilidhani wananishangilia. Niliwapungia mkono, nikaongeza mwendo.

Kwenye njia panda niliacha barabara, nikateremka mtoni. Maji yalinifika magotini, baridi kama yametoka kwenye mtungi. Hapo ndipo nilipokumbuka suruali, na suruali ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa na Mwajuma. Mtu mwenye akili angekaa kwenye jiwe akawasubiri wenzake. Lakini saa yangu ya mkononi ilisema zimebaki dakika kumi na mbili. Nikajiambia mama ataelewa, nikakishika kile kilima cha mwisho kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Nilipoingia uani kwa mama mkwe wangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama saa. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Nikainua uso nikiwa na tabasamu.

Ua ulikuwa umejaa wanawake. Katikati yao mama mkwe wangu, Binti Salumu, ameketi chini, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni na mikono yote miwili iko kichwani. Alinitazama usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni yupi?"

Sikuwa na pumzi. Nilitaka kumwambia shikamoo, nilitaka kumwambia hakuna, lakini kifua kilikuwa kinanipanda na kushuka na sauti haikutoka. Nikainua mkono kumaanisha ngojeni kidogo. Ule mkono ndio uliomaliza kila kitu. Ua mzima ukalipuka kilio.

Kwetu Singida mtu akikimbia anaulizwa ng'ombe gani amepotea. Nilikuwa nimekaa Morogoro miaka minane, nimeoa huko, nimezaa huko, na sikuwa nimewahi kujiuliza kule milimani mtu mzima hukimbia kwa ajili ya nini. Simu hazikuwepo. Habari njema ilitembea na wachuuzi, inapumzika, inakula machungwa. Habari iliyokimbia ilikuwa moja tu. Tena mchukuaji wake hakusimama kumwamkia mtu njiani, maana akisimama ataulizwa, na hawezi kuitamka kabla ya kuwafikia wenyewe. Mimi nilipita vijiji viwili na mashamba yote yale bila kutamka hata hujambo. Mke na watoto wangu hawako nami. Nguo sijavaa. Waliniona wakaelewa.

Pumzi iliporudi nilipiga magoti mbele yake. "Mama, hakuna kitu. Wazima wote. Wanakuja na gari."

Aliyenijibu alikuwa mjomba wa Mwajuma, Mjomba Shomari, kaka mkubwa wa Binti Salumu na ndiye msemaji wa ukoo wao. Alinishika bega, akaninyanyua taratibu, akaniketisha kwenye kigoda.

"Ndivyo inavyosemwa, mwalimu," akasema kwa upole.

"Mjomba, nakwambia kweli. Nilikuwa nafanya mazoezi. Nakimbia tu."

"Unakimbia tu."

"Ndiyo. Kwa afya."

Alinitazama kwa huruma nyingi. Baadaye nilielezwa kwamba mleta msiba kule hasemi moja kwa moja. Husema wote wazima, akapewa maji, akaketi, ndipo wazee wamvute kando wamtoe neno kidogo kidogo. Kwa hiyo kila nilivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kuamini. Mama mmoja aliniletea maji. Mwingine aliona kaptula yangu, akageuza uso, akanitupia kanga nijifunge. Nikajifunga kanga ya mama mkwe wangu mwenyewe nikakaa kama mwari.

Adhuhuri ikapita. Wanawake watatu walikuwa wameketi karibu na Binti Salumu, wamemshika mikono. Hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama njia ya mtoni, inayoonekana vizuri kutoka mlangoni kwake. Majirani wakaanza kufika, na kila mwanamume aliyefika alikuwa na mzigo wa kuni za matanga begani, akautua chini ya ukuta bila neno na kwenda kuketi. Rundo lilikua. Wengine walitandika mikeka. Nilitaka kusimama niwaambie warudishe kuni zao, lakini Mjomba Shomari alikuwa amenikalia karibu na kila nikijitikisa aliniwekea mkono gotini.

Saa nane. Land Rover ilipaswa kuwa imefika zamani.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia hata Mwajuma. Kile kilio kilianza kuniingia. Nilijua nimewaacha wazima, lakini nilikuwa nimewaacha. Nilikumbuka barabara ilivyolowa, na korongo lile baada ya Mkuyuni ambapo nilichupa juu ya magogo ya daraja nikaona moja limeoza, nikapita tu maana nilikuwa nawahi. Nilimwona Zena amesimama karibu na begi. Nilimwona anavyosema na mimi nakuja nawe. Watu wote hawa wanalia, nikawaza, na mimi ndiye pekee ninayejua kwamba hakuna kilichotokea. Je, nikiwa najua vibaya? Nikaanza kutetemeka, na Mjomba Shomari alipouona ule mtetemeko akatikisa kichwa, kana kwamba sasa neno linakaribia kutoka.

"Mjomba," nikasema, "niache nikawatafute."

"Utakimbia tena?"

Nikavitazama viatu vyangu vyekundu.

"Tutatembea," akasema. Akachukua fimbo, wanaume saba au wanane, kaka zake Mwajuma wakiwamo, wakainuka, tukaanza kuteremka mstari mmoja, kimya, mimi mbele na kanga yangu. Hakuna safari niliyowahi kutembea ndefu kama ile. Miguu ilitaka kuruka na nilikatazwa.

Tulipofika karibu na mto nikawaona. Mwajuma alikuwa na Tatu mgongoni na begi kichwani, Idi kabebwa na mama mmoja wa sokoni waliyefuatana naye, na Zena anatangulia, amekumbatia kitu cha kijivu kifuani. Gari lilikuwa limekwama tope kabla ya korongo. Walikuwa wamelisukuma, wakachoka, wakaamua kutembea na watoto wao.

Lakini Mwajuma alikuwa amesimama upande wa pili wa maji. Aliona kaka zake, na mjomba na fimbo yake, na mumewe amefungwa kanga ya mama yake, wote wanashuka kimya. Begi likamwanguka.

"Mama?" akaita. "Mama amefanya nini?"

"Mzima!" nikapiga kelele. "Mama mzima! Wanadhani ninyi ndio—"

Sikumaliza. Niliingia kwenye maji na kanga yote. Mjomba Shomari nyuma yangu alisimama kwenye jiwe, akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, halafu akaketi pale pale kwenye jiwe, akaificha sura yake mikononi. Vijana wakaanza kucheka. Mwajuma alipoelewa hakucheka. Alinipiga ngumi moja ya begani, yenye uzito wake kamili, kisha akaniegemea.

Zena alikuwa ananivuta kanga. "Baba," akasema, akininyooshea kile alichokumbatia. "Umesahau suruali. Nimeibeba mwenyewe."

Nilivaa suruali yangu nyuma ya migomba nikilia kama mtoto.

Binti Salumu alikuwa amekwisha kutuona tangu mtoni. Tulipofika uani alikuwa bado ameketi pale pale. Hakunitukana. Aliwaita watoto mmoja mmoja akawapapasa: kichwa, mikono, tumbo, hadi vidole vya miguu. Tatu alimwacha mwisho. Akamweka mapajani akamtazama kwa muda mrefu sana, mtoto naye akamtazama, kisha akamshika pua. Hapo ndipo Binti Salumu alipolia, kilio alichokuwa amekizuia tangu saa tano.

Tulikuwa tumepanga kulala siku moja. Lakini kulikuwa na lile rundo la kuni. Mjomba Shomari alisema kuni zilizoletwa kwa namna ile hazirudi zilikotoka. Lazima ziwake pale pale na watu wale chakula pale pale. Basi Jumapili na Jumatatu zikawa siku za kupika. Ndizi, magimbi, togwa kwenye vibuyu, na majirani wale wale waliokuja kuomboleza wakirudi kula, kila mmoja akitaka kusikia tena namna mwalimu alivyowapungia mkono. Yule mzee wa mkungu wa ndizi alikuja kudai kofia yake, ameisahau njiani kwa huzuni. Mwajuma alilala na kichwa mapajani mwa mama yake mchana kutwa, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, anatafutwa chawa ambao hana. Nilimwangalia nikajua ni kiasi gani alikuwa amepakosa pale, na ni nani aliyemkosesha.

Jumatatu asubuhi niliamka na jua halijatoka. Milima ilikuwa imejitokeza kwenye ukungu, na nawaambieni, miguu yangu iliwasha kwa hamu. Viatu vyekundu vilikuwa mlangoni. Niliketi kizingitini nikavitazama. Mara nikasikia mtu anaketi kando yangu, na viatu vyake vya sikukuu amevivaa tayari, mguu wa kulia umeingia kiatu cha kushoto.

"Leo hukimbii?" Zena akauliza.

"Watu wataogopa."

Akafikiri. "Wakiniona mimi hawataogopa."

Nikambadilisha viatu. Tukateremka njia ya mashambani, yeye akikimbia kwa hatua zake, mimi nikikimbia kwa hatua zake pia, jambo ambalo si rahisi kama linavyoonekana. Magoti yanauliza unafanya nini. Kila baada ya kitambo alisimama kuokota kokwa, au kuuliza kwa nini maji ya mtoni hayaishi. Na kila tuliyempita tulisimama tukamwamkia. Wale kina mama waliopiga ukelele walikuwa shambani tena.

"Mwalimu!" mmoja akaita. "Leo unakimbizwa na nani?"

"Na huyu," nikasema. "Shikamooni."

"Marahaba! Mwangalie, atakushinda!" Wakacheka, wakaendelea kulima. Hakuna sauti iliyopelekwa mlima wa pili. Tulifika mtoni na kurudi, na saa yangu ya mkononi nilikuwa nimeiacha ndani.

Jumanne asubuhi tukaaga. Binti Salumu alitusindikiza hadi ukingo wa ua, akaionyesha ile njia. "Mkija tena," akaniambia, "simameni pale mtoni nyote kabla ya kupanda. Nyoosheni mikono. Nikishawaona wote ndipo mpande. Sitaki tena kumwona mtu mmoja."

"Tutasimama, mama."

Tukatembea hadi barabarani, nikiwa na Idi mabegani na Zena mkononi, na juu ya gari lililotupeleka Mkuyuni na lile lililotupeleka mjini sikumbuki lolote. Nakumbuka tu kwamba Zena alisema njia nzima. Tulipofika Mafiga, kuku walikuwa wanatulaumu na wanafunzi wa tuisheni wameniandikia barua mlangoni. Jumamosi iliyofuata nilikimbia, msinielewe vibaya. Sikuacha, na hadi leo sijaacha. Lakini nilirudi saa mbili, nikanawa, tukaenda kuona treni ikipita. Jumamosi nyingine nilikimbia na Zena hadi mwisho wa mtaa na kurudi, Idi anatufuata analia kwamba tumemwacha, tunamrudia. Sikufika tena kwenye ukungu kwa miaka mingi. Nilikuwa nautazama kutoka kizingitini, nikiutamani, nikiwa nimeshika kiatu kidogo cha mtu mkononi natafuta cha pili.

Sikujua kwamba siku ingefika ambapo ningetamani kinyume chake.

Kila likizo tulikwenda kwa Binti Salumu, na kila mara tulisimama mtoni tukanyoosha mikono, watano. Kutoka mlangoni yule mama alinyoosha wake. Halafu tukawa wanne, Zena alipokwenda chuo. Halafu watatu. Leo Zena yuko Dar es Salaam, Idi yuko Mwanza, Tatu aliyeshika pua ya bibi yake ameolewa Tanga. Mwezi uliopita Zena alijifungua, Mwajuma akaenda kumsaidia, nami nikabaki peke yangu na Jumamosi nzima. Naweza kukimbia hadi kwenye ukungu kutwa nzima sasa, hakuna anayeniuliza. Nilifika mara moja. Ukungu uko vile vile. Nilikaa dakika chache nikateremka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama mkwe. Nilishuka kwenye njia panda, nikatembea, nikamwamkia kila mtu. Nilikuwa nimevaa suruali. Mtoni nikasimama kama ilivyo ada, nikanyoosha mkono wangu mmoja. Binti Salumu ni mzee sana siku hizi, hatoki mlangoni, lakini macho yake ya mbali hayajamtupa. Nilimwona amekaa. Mkono wake haukuinuka. Nikasubiri. Nikaunyoosha tena. Mwishowe nikapanda hivyo hivyo, taratibu.

Nilipofika nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kule njiani. "Na wengine?"

"Wazima wote, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndivyo inavyosemwa," akasema, na sikuweza kujua kama ananitania.

Nikaketi kizingitini kando yake, nikageukia upande aliogeukia, tukaitazama njia ya mtoni.